Beni: Mwewe ana njaa yake, kizimba ndicho kimekosa paa

Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, jua likisha kupasha hewa moto juu ya mji wa Beni, mwewe huanza kuzunguka angani bila kupiga mabawa. Chini, katika kiwanja cha nyumba huko Mulekera au Bungulu, kuku mama anatoa sauti moja kali na vifaranga wanakimbia kujificha. Mmoja anachelewa. Mambo yanaisha kabla mtu wa kwanza hajaokota jiwe.

Kwa mtu wa mbali, hicho ni kisa kidogo. Kwa familia nyingi za Beni na Butembo, si kidogo. Kuku, sungura na kobayi, yule mnyama ambaye Bukavu anaitwa dende, ndio benki ya watu wasio na benki. Jogoo akiuzwa, deni la hospitali linapungua. Kobayi wawili wakiuzwa, daftari na kalamu vinapatikana. Na mara nyingi mali hii ni ya akina mama na watoto. Mtoto anapewa kobayi wake wa kwanza na nyanya yake, anampa jina, anamkatia majani kila jioni, na hapo anajifunza kuwa na kitu anachokiita chake. Mwewe akimnyakua, haipotei nyama tu.

Kwa hiyo hasira ya wafugaji inaeleweka. Kosa liko katika kile kinachofuata hasira hiyo: nyama iliyotiwa sumu na kuachwa juu ya ukuta, mti kukatwa kwa sababu una kiota, vijana wa manati kutumwa wapige kila ndege mwenye mdomo uliopinda, hata bundi ambaye hakumgusa mtu. Mnyama mdogo halindwi kwa kupigana na anga. Analindwa kwa paa. Na paa hilo lisiachwe kuwa tatizo la mama mwenye kiwanja peke yake, kwa kuwa wako wengine wanaopaswa kulibeba pamoja naye.

Ni vizuri kukumbuka kwa nini wanyama wadogo wamekuwa na uzito huu. Tangu mauaji yalipoanza katika wilaya ya Beni mnamo Oktoba 2014, watu wamehama kutoka Eringeti, Mbau, Kamango na vijiji vingine, wakielekea Oicha, Beni mjini na Butembo. Utawala wa kijeshi uliotangazwa mwezi wa Mei 2021 haukumaliza hali hiyo. Anayekimbia usiku hawezi kubeba ng'ombe, na mbuzi atapiga kelele njiani. Kobayi wanne wanaingia ndani ya kikapu. Hawapigi kelele kubwa, wanakula majani na maganda ya viazi, na wanazaa mara kadhaa kwa mwaka. Watu wa Kivu walijifunza zamani kwamba mporaji anayetafuta mbuzi hana habari na mnyama aliyelala pembeni ya jiko.

Lakini jiko lenyewe lilikuwa ndilo kizimba. Katika vijiji vingi kobayi huishi ndani ya nyumba ya kupikia, chini ya paa la nyasi, na ndege hana njia ya kuwafikia. Familia iliyokimbia na kupanga chumba kimoja mjini haina jiko la namna hiyo. Inapika nje. Wanyama wanawekwa ndani ya katoni, ndani ya nusu ya pipa, au katikati ya ukuta mfupi wa matofali ulioachwa wazi juu. Mtu akitazama kutoka pembeni, anaona kizimba. Mwewe akitazama kutoka juu, anaona sahani.

Inafaa pia kumjua huyo anayeshtakiwa. Mwewe wa mjini, mwenye mkia uliogawanyika kidogo mwishoni, ana uzito usiofika kilo moja. Hawezi kumbeba kuku mkubwa. Anachotafuta ni kifaranga wa wiki chache, mtoto wa sungura, au kobayi mchanga. Na mara nyingi hakuja mjini kwa ajili yao. Anakuja kwa matumbo yanayotupwa karibu na machinjio, kwa vichwa vya samaki sokoni, kwa milima ya takataka isiyoondolewa. Akishazoea kula hapo, viwanja vya jirani anavipitia kila siku. Mji unaoacha uchafu wa nyama wazi unamwalika mgeni, halafu unalalamika kwamba amekaa.

Wengine wanaoangaliwa kwa jicho baya wana kosa dogo zaidi. Kuna tai mdogo mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, anayesimama juu ya nguzo na miti kando ya mashamba. Chakula chake kikubwa ni panya. Kwenye vilima vya Butembo na Lubero yuko ndege mwingine mwenye mkia mwekundu ambaye hukamata panya, fuko na nyoka, ingawa kifaranga akijipeleka mbele yake hatamwacha. Tai mkubwa wa msituni, anayeweza kumuua tumbili, anaishi kwenye miti mirefu ya Virunga na Ituri, si katikati ya kata za mji. Kipanga anayevizia kati ya migomba ndiye mwizi wa kweli wa vifaranga, lakini naye ni mdogo. Na bundi, anayeuawa kwa jina la uchawi, anawinda usiku wakati kuku wamefungiwa ndani.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Panya ndiye anayekula mahindi na maharagwe kwenye ghala, anayetoboa gunia, na anayeingia usiku kuua watoto wa kobayi. Jozi moja ya bundi yenye makinda hula mamia ya panya kwa mwaka. Na panya haleti hasara ya chakula tu. Katika jimbo jirani la Ituri, eneo la afya la Rethy, ugonjwa wa tauni ulizuka tena mwaka wa 2020, na tauni husafiri kwa viroboto wa panya. Anayemuua bundi ili kumwokoa kifaranga amemfungulia panya mlango wa nyumba.

Sumu ni mbaya zaidi, maana sumu haina macho. Nyama iliyowekewa mwewe inaliwa na mbwa wa jirani, paka wa nyumba, au kuku mwenyewe. Katika kiwanja ambacho familia tatu zinakitumia pamoja, na watoto wa miaka miwili wanaokota kila kitu, hakuna sehemu salama ya kuiweka. Nchini Kenya, dawa ya wadudu iliyojulikana kama Furadan ilitumiwa sana kuua simba na ndege, hadi kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa sokoni huko mwaka wa 2009. Botswana, mwaka wa 2019, tai-mzoga zaidi ya 500 walikufa kwa mara moja baada ya kula mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 kuhusu aina 42 za ndege wawindaji wa Afrika ulionyesha kwamba karibu aina tisa kwa kila kumi zimepungua. Beni si Botswana. Lakini pakiti za dawa zisizo na maandishi zinazouzwa rejareja sokoni hazijui mpaka wa nchi.

Basi dawa ya kweli ni ipi? Si jambo la kustaajabisha. Vifaranga wafungiwe wiki nne hadi sita za kwanza, pamoja na mama yao, ndani ya kizimba chenye hewa, maji na chakula. Hata kikapu kikubwa kilichopinduliwa na kuwekewa jiwe juu kinasaidia siku za mwanzo. Watakapoachiliwa, watoke kwanza jioni kwa muda mfupi, karibu na watu. Kiwanja kisiwe wazi kama uwanja wa mpira: migomba, mihogo, kahawa au kichaka cha maua kinampa kuku mama pa kukimbilia, na mwewe hapendi kushuka pasipo na nafasi ya kuruka tena.

Kwa kobayi na sungura, kizimba kiinuliwe kutoka chini, kiwe na kuta za mianzi au vipande vya mbao vinavyobaki kwa maseremala, na juu kifunikwe kabisa. Waya wa nyavu ukiwepo, matundu yake yawe madogo kiasi kwamba panya mkubwa hapiti. Usipokuwepo, wavu wa zamani wa uvuvi, kama ile inayotupwa Kyavinyonge kwenye ziwa Edward, unaweza kutandazwa juu ya uzio wa kuku na kufungwa vizuri ili usilegee. Chandarua cha mbu kiachwe kitandani, ndiyo kazi yake. Paa hilo hilo linalomzuia mwewe mchana linamzuia kicheche na paka pori usiku, na linakinga mvua ambayo huua kobayi wachanga wengi bila kelele.

Mbinu nyingine zina kikomo. Sidi zinazong'aa na sanamu ya mtu shambani zinamtisha ndege siku chache, kisha anazizoea. Wafugaji wengine hupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Rangi hiyo inaweza kumshangaza kwa muda, lakini njaa haichagui rangi. Mbwa mzuri anasaidia, mtoto anayelinda anasaidia pia, ila mtoto huyo anapaswa kuwa shuleni saa tatu asubuhi.

Kutakuwa na anayesema: haya yote ni ya watu wenye pesa. Mama anayetafuta fufu ya jioni atanunua waya kwa nini? Swali hilo ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa kumhubiria. Ni kweli waya ni ghali kwake. Lakini mianzi, matete na mabaki ya mbao si ghali hivyo, na kazi ya kujenga kizimba ni ya siku moja ikiwa majirani wanne wanasaidiana. Pale ambapo hata hayo hayapatikani, mzigo unawarudia wale wanaoleta mifugo.

Mashirika mengi ya misaada yamegawa kuku na kobayi kwa familia zilizohamishwa. Ni kazi njema. Picha inapigwa, orodha inatiwa sahihi, gari linaondoka. Miezi mitatu baadaye mnyama hayupo, na ripoti inaandika kwamba walengwa hawakujua kufuga. Kumpa mtu kuku watano bila kizimba ni kuwalisha mwewe kwa njia ndefu. Kila mradi wa namna hii ungehesabu kizimba chenye paa na chanjo ya ugonjwa wa Newcastle kuwa sehemu ya mnyama mwenyewe, kama vile mguu ulivyo sehemu ya kuku. Heri familia moja ipewe kuku watatu wenye nyumba kuliko sita wasio na kitu.

Utaalamu hautafutwi mbali. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben chenye kitivo cha udaktari wa mifugo. Wanafunzi wake wangeweza kutembelea kata kwa kata, kuonyesha kizimba kimoja cha mfano katika kila mtaa, na kuwafundisha watoto kumtofautisha mwewe na bundi. Idara ya kilimo, uvuvi na ufugaji ingeweza kusimamia ni dawa gani zinauzwa sokoni na kwa maandishi gani. Nao mameya wa miji hii miwili wana sehemu yao ambayo hakuna mfugaji anayeweza kuifanya: kufukia mabaki ya machinjio na kuondoa takataka za masoko. Salongo ya siku moja kwa wiki haitoshi ikiwa uchafu unarudi kesho yake.

Methali inasema mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura. Ni kweli, hilo anazaliwa nalo. Lakini anapochakura macho yake yako chini, na hatari yake iko juu. Wa kuangalia juu kwa niaba yake ni yule aliyemfuga, pamoja na yule aliyemgawa na yule anayetawala mji anamoishi. Mwewe ataendelea kuzunguka, kama alivyozunguka kabla Beni haijawa mji. Akipita na kukuta paa, atakwenda zake kutafuta panya, na mtoto atakaporudi kutoka shule atamkuta kobayi wake akimsubiri kwa majani.