Damu ya Baba na Damu ya Mama

Mtoto akilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, vidole vikivimba na macho yakigeuka manjano, katika mitaa ya Kolwezi, kama penginepo katika Kongo, si ajabu bibi kizee wa ukoo akatajwa kuwa mchawi. Au mume humwambia mkewe, "Ugonjwa huu umetoka kwenu." Wasomaji wapendwa, maneno hayo huvunja nyumba, wala si ya kweli. Ugonjwa wenyewe ni ule uitwao SS, yaani selimundu: chembe nyekundu za damu hupindika kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo.

Njia yake twaijua. Padre Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alipanda njegere bustanini, akachapisha matokeo mwaka 1866. Alichanganya zenye mbegu za mviringo na zenye makunyanzi. Uzao wa kwanza wote ukawa wa mviringo. Katika uzao wa pili alihesabu mbegu za mviringo 5,474, na zenye makunyanzi 1,850. Kilichofichika kwa wazazi kilirudi kwa watoto wao.

Ndivyo ilivyo damu. Kila mtu ana alama mbili za urithi wake, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye A na S kwa kawaida ni mzima. Tena S yake moja humkinga utotoni na malaria kali, na kwa sababu hiyo S imeenea katika nchi zetu za mbu. Wakioana AS wawili, kila mmoja humpa mtoto alama moja tu, kama mtu aliyefumba punje mbili mkononi, nyeupe na nyekundu, akatoa moja bila kutazama. Basi nafasi ya kuzaliwa SS ni 1 kati ya 4. Kwa kila mimba, twasema! Aliyekwisha kuzaa SS mmoja asidhani kwamba watatu wafuatao wamesalimika. Na huyo baba mwenye kulaumu ajue: S moja ya mwanawe ni yake.

Si jambo la nyumba chache. Kinshasa, uchunguzi wa watoto wachanga 31,204 uliotangazwa mwaka 2009 ulikuta SS 428.

Wachumba waweza kupimwa damu kabla ya ndoa. Mmoja akiwa AA, hawatazaa mtoto wa SS. Naye aliyekwisha kuzaliwa nao ana dawa, hidroksiurea. Ilijaribiwa Kinshasa na katika miji mingine mitatu ya Afrika, na mwaka 2019 ikatangazwa kuwa imepunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto.