Michoro ya Saturn V Haikupotea

Kila inapozungumziwa safari ya Mwezini, hakosekani mtu wa kudai kwamba Marekani haiwezi kuunda tena roketi ya Saturn V kwa sababu NASA iliitupa michoro yake. Si kweli. Michoro ipo kwenye mikrofilamu katika kituo cha NASA cha Marshall, Huntsville, na nyaraka nyingine tele zimehifadhiwa na serikali jimboni Georgia. Ubaya wa uvumi huu ni kwamba unatufanya tuhangaikie karatasi, huku kitu chenye thamani zaidi kikitutoka.

Wapo wanaojibu: kama michoro ipo, basi kiwanda chochote hodari kitaifuata na kutoa injini ileile. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Injini za F-1, tano katika kila Saturn V, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya tani 680 hivi, ziliundwa kwa kazi nyingi ya mikono. Vipande vilipokataa kukaa sawasawa, fundi wa kuchomelea alivirekebisha kwa ujuzi wake, na mengi ya marekebisho hayo hayakuandikwa popote. Ndiyo maana wahandisi vijana wa Marshall walilazimika kuifungua injini ya zamani na kuipima kwa skana, kipande kwa kipande, wapate umbo la kilichojengwa kweli. Januari 2013 waliwasha jenereta ya gesi inayoendesha pampu zake, ikanguruma vizuri.

Tena mchoro hauelezi sababu. Ndani ya chumba cha mwako, kwenye sahani inayopulizia mafuta ya taa na oksijeni, kuna vikuta vifupi vinavyoigawa sehemu sehemu. Karatasini ni mistari tu. Lakini vilipatikana baada ya miaka ya majaribio, wahandisi wakilipua vibomu vidogo ndani ya injini inayowaka ili waone kama msukosuko wa moto utatulia wenyewe kabla ya kuipasua. Asiyeijua habari hiyo anaweza kuviondoa akidhani anapunguza gharama.

Dai kwamba teknolojia ya leo itaziba pengo lolote linakanushwa na Fogbank, dutu ya siri iliyotumika katika kichwa cha nyuklia cha W76. Ilitengenezwa Oak Ridge, Tennessee, hadi 1989. Ilipohitajika tena, kiwanda kilikuwa kimefungwa, kumbukumbu zilikuwa chache, na karibu wafanyakazi wote walikwisha kuondoka. Kikajengwa kiwanda kipya, lakini dutu iliyotoka haikufaa. Baadaye ikabainika kwamba malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani uliokuwa wa lazima, na usafishaji wa kisasa ulikuwa ukiuondoa. Waliotangulia nao hawakujua kwamba kazi yao ilitegemea uchafu huo.

“Siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta.” Kiko, ilimradi programu iliyoliandika faili bado inafanya kazi. STEP, kiwango cha kimataifa cha mafaili ya michoro kilichoanza kutolewa mwaka 1994, huokoa umbo la kifaa, lakini kwa kawaida hakihifadhi mlolongo wa maamuzi uliozaa umbo hilo.

Na wanaosema wazee wapo, tutawauliza siku ikifika? Wazee hufa. Rocketdyne, kampuni iliyounda F-1, ililitambua hilo mapema, ikawahoji wahandisi na mafundi wa injini hiyo na kuandika waliyoyasema wakati bado wapo kazini.

Wewe unayesimamia mtambo wa maji, reli au bandari, fanya hivyo sasa. Kaa na fundi wako kabla hajastaafu. Kando ya kila kipimo andika kwa nini kilichaguliwa, na usiache kuandika njia zilizojaribiwa zikashindwa.