Watoto wa rika mbalimbali wafundishwe kwa vikundi



Napenda nami nitoe maoni yangu juu ya ufundishaji wa watoto wetu katika shule za msingi, hasa za vijijini. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na haya ninayoyasema nayaona kila siku kwa macho yangu.

Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimumsingi bila malipo, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameandikishwa shule. Hilo ni jambo jema, na anayelibeza hatutakii mema. Lakini kumwandikisha mtoto ni kazi moja, na kumfundisha ni kazi nyingine. Katika darasa langu la watoto 84 wako wa miaka 7 na wako wa miaka 13. Wako waliopitia elimu ya awali na wanasoma hadithi fupi bila kukwama. Wako waliochelewa kuanza kwa sababu shule ilikuwa mbali na miguu yao ilikuwa midogo. Wako wanaohama na mifugo wakati wa kiangazi na kurudi masika yakianza. Wote hao wanatakiwa wafuate somo moja ubaoni, kwa mwendo mmoja.

Je, ndugu msomaji, unadhani hutokea nini? Anayejua anachoka kungoja. Asiyejua herufi ananakili ubao kama mtu anayechora mapambo. Daftari lake linajaa, alama za vema zinaonekana, lakini ukimfungulia ukurasa wa jana hasomi hata neno moja. Anayeumia zaidi ni yule wa miaka 13. Nyumbani anaaminiwa ng'ombe 40, anamjua kila mmoja kwa rangi yake na kwa mama yake, na akipotea mmoja anagundua kabla hajamaliza kuhesabu. Shuleni anachekwa na watoto wa umri wa mdogo wake kwa kushindwa kusoma neno "baba". Mtoto huyu hafukuzwi na mtu. Anaacha mwenyewe kwa aibu, kisha katika daftari la mahudhurio anaandikwa kuwa ni mtoro.

Maoni yangu ni haya. Itengwe rasmi saa moja kila siku katika ratiba ya darasa la kwanza hadi la nne. Katika saa hiyo watoto wapangwe katika vikundi vidogo kwa kufuata kile wanachokijua, bila kujali umri.

Jambo hili linawezekana hata kwa mwalimu mmoja. Mwanzo wa muhula mwalimu amsikilize kila mtoto peke yake kwa dakika chache, aone kama anajua herufi tu, au silabi na maneno, au aya, au hadithi nzima. Watoto 84 wakigawanywa saba saba ni vikundi 12. Mwalimu akikaa na vikundi 3 kwa siku, dakika 20 kila kimoja, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi amevifikia vyote. Ijumaa awasikilize waliosogea mbele na kuwahamisha. Vikundi ambavyo hana navyo siku hiyo vifanye kazi vikiwa na kiongozi wao: kadi za maneno zilizokatwa kwenye maboksi, vizibo vya soda, kokoto, punje za mahindi. Vitu hivyo havihitaji kusubiri bajeti.

Napenda kusisitiza kwamba vikundi vya kusoma visiwe ndivyo vya kuhesabu. Yule kijana mchungaji anaweza kuwa kwenye herufi asubuhi, lakini saa ya hesabu akaongoza kikundi, kwa maana kutoa na kujumlisha amekwisha kujifunza malishoni. Mdogo aliyemcheka asubuhi sasa anamwuliza, "Kaka, hapa tunafanyaje?" Kwa njia hiyo hakuna mtoto atakayekuwa wa mwisho siku nzima, na heshima ya mkubwa inalindwa mbele ya wadogo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kigeni. Si kweli. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, tangu enzi za mababu, watoto wa rika mbalimbali wameketi kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na somo lake, na aliyetangulia akimfundisha aliye nyuma. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto wa umri mbalimbali waliingia darasa moja kwa pamoja, na baadaye mpango wa MEMKWA uliwapokea waliokosa shule kwa wakati wake. Kwa hiyo darasa la rika mchanganyiko tumekuwa nalo siku zote. Kilichokosekana ni kulipa ratiba inayolifaa.

Hata majirani zetu wamelijaribu jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, lilifanyika jaribio katika shule 121. Karibu nusu yake ziligawa darasa la kwanza kwa kufuata ujuzi wa watoto, na nyingine ziligawa bila kufuata ujuzi. Baada ya miezi 18, watoto wa zile zilizofuata ujuzi walikuwa mbele, na waliofaidika ni wote, wa juu na wa chini, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipo. Kule Kolombia nako, tangu mwaka 1975, shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili zimefundisha kwa vikundi vidogo chini ya mpango uitwao Escuela Nueva.

Wengine watauliza, je, mtoto wa kikundi cha chini hatapewa jina baya? Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana nasema vikundi vipangwe upya mara kwa mara, na visiitwe vya kwanza na vya mwisho. Kikundi asichoweza mtoto kutoka ni gereza. Wengine watalalamikia kelele. Kelele za watoto wanaosomeana si fujo.

Lakini nisieleweke vibaya. Vikundi si badala ya walimu. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na viongozi wasije wakafurahia habari ya vikundi kisha wakaacha darasa la 84 libaki vivyo hivyo. Walimu waongezwe, na vikundi viwepo.

Haraka inatakiwa. Kwa sera ya elimu toleo la 2023, ambayo mtaala wake ulianza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka 6 badala ya 7. Mtoto anayepoteza miaka 2 bila kujua kusoma amebakiwa na muda mfupi kuliko kaka zake.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu pamoja na TAMISEMI zitoe mwongozo ili mwalimu asilazimike kuandika andalio moja la somo kwa watoto wa viwango vinne. Wathibiti ubora wanapokuja, wasiishie kwenye azimio la kazi na maandalio. Wamwite mtoto mmoja, wamfungulie kitabu, wamsikilize. Vyuo vya ualimu viwafundishe wanachuo wetu kuongoza vikundi vingi kwa wakati mmoja, maana darasa la watoto wanaolingana wanalofanyia mazoezi hawatalikuta huku vijijini. Nanyi wazazi wenzangu, mkihama na mifugo, mleteni mtoto tena mnaporudi, hata kama wenzake wamemwacha. Msimwone kuwa amekwisha kuwa mkubwa mno.

Vidole vya mkono havilingani, na hakuna anayekata kirefu ili kilingane na kifupi. Naomba wahusika walitazame jambo hili kabla ya muhula ujao kuanza.

Mwalimu wa Kijijini,
Kiteto, Manyara.