Jengo Linampa Nini Mpita Njia?



Siku moja baada ya Misa, mzee mmoja wa parokia yetu, msanifu majengo aliyestaafu, aliniomba tufuatane kwa miguu kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, mbele ya bandari ya Dar es Salaam, hadi Soko la Kariakoo. "Baba," alisema, "kila juma wewe hutufundisha sisi. Leo uwe mwanafunzi wangu." Nilikubali, na yale niliyojifunza njiani nimeona vema kuwashirikisha ninyi.

Katika mitaa ya Kisutu alinisimamisha mbele ya nyumba za zamani za ghorofa moja au mbili: duka chini, makazi juu, na roshani iliyotokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu. "Aliyejenga hapa alikuwa mfanyabiashara mwenye kutafuta faida kama wa leo," alisema. "Lakini mvua ikinyesha, mchukuzi wa mizigo asiyemjua kabisa hujikinga chini ya roshani yake." Hatua chache mbele tulikuta jengo jipya la vioo. Ukuta wake ulishuka hadi ukingoni mwa barabara, na nafasi iliyosalia ilikuwa imejaa magari. Ikatubidi kushuka barabarani na kupishana na pikipiki. Mzee hakulaumu urefu wa jengo lile, kwa maana jiji lenye watu wengi na ardhi chache halina budi kwenda juu. Aliuliza swali moja tu: "Jengo hili linampa nini mtu asiyelimiliki?"

Tulipofika Mnazi Mmoja alinikumbusha historia. Chini ya utawala wa Waingereza mji uligawanywa katika kanda tatu, kila moja na viwango vyake vya majengo. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, wala hazikuhitaji kutaja rangi ya ngozi. Hata hivyo, matokeo yake kila mtu aliyafahamu, na watu wakayaita kwa majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga wakazi wa Kariakoo na wenzao wa upande wa bandari. Lakini wananchi waliufanya kuwa mahali pa kukutania, na mikutano ya TANU ya kudai uhuru ikafanyika papo hapo. Tuone basi kwamba mpango wa mji unaweza kubagua bila kumtaja mtu yeyote. Leo hatuna kanda zile, lakini kodi ya pango na ukuta usio na kivuli vyaweza kufanya kazi ileile kimyakimya.

Mwisho tulifika sokoni. Jengo la Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuifanya kazi hiyo, nalo lilijengwa katika miaka ya 1970. Paa lake la zege limeundwa kwa maumbo yanayofanana na miavuli iliyogeuzwa juu chini. Hukinga maji ya mvua na kuyashusha ndani ya nguzo ili yahifadhiwe chini, na huacha hewa ipite juu ya vichwa vya wauzaji. Kazi hiyo yote ilifanywa kwa ajili ya muuza nyanya na mnunuzi wake. Soko hilo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na serikali ikaamua likarabatiwe na jingine lijengwe kando yake. Mzee aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu alitusanifia sisi."

Wapo watakaosema kwamba kivuli na njia ya miguu ni anasa, na kwamba kiwanja cha katikati ya jiji ni ghali mno kuachiwa wapita njia. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini anayezoea kumsahau mpita njia, kesho atamsahau na aliyemo ndani. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 25 wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Sisi tumekwisha kuzika watu.

Wala tusinyooshe kidole kwa wengine peke yao. Katika parokia niliyowahi kuihudumia tulikata miarobaini miwili na kuvunja ukuta wa mbele ili tujenge fremu za kupangisha. Nilitia sahihi mimi mwenyewe. Fedha zilipatikana, na zilisaidia. Lakini akina mama waliokuwa wakisubiri basi chini ya miti ile sasa husubiri juani, na hakuna hata mmoja wao tuliyemwuliza.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa walei na jumuiya zetu mambo matatu. Kwanza, kabla ya parokia kujenga chochote, swali la yule mzee liulizwe katika halmashauri na jibu lake liandikwe. Pili, tuhudhurie mikutano ya mtaa, na jengo jipya linapoanza tuulize bila woga: kibali kiko wapi? Kibao chenye majina ya mwenye jengo, mkandarasi na msanifu kimewekwa? Njia ya miguu itabaki? Tatu, anayeona ufa katika nguzo ya jengo analofanyia kazi asinyamaze kwa kuogopa mwenye nyumba, na sisi wengine tusimwache aseme peke yake.

Nami nimeanza na lililo langu. Nimeiandikia parokia ile kuiomba itenge nafasi ya kupanda tena mti mmoja pale mbele ya fremu.