Nyakomisaro Upimwe Kila Wiki

Ukisimama kilimani Nyanchwa mvua ikishakatika, unaona jinsi mji wa Kisii ulivyokaa mteremkoni. Mafuta ya gereji, maji yaliyooshea magari, taka za soko la Daraja Mbili: mvua husomba vyote hadi mto Nyakomisaro. Nyakomisaro humwagikia Riana, Riana huingia Gucha, ambao Migori huuita Kuja, na Gucha huishia Ziwa Victoria.

Watu wakichoshwa na uvundo hujitokeza na glavu na magunia, wakaokota plastiki. Ni kazi njema. Ila vijidudu vya kinyesi, mbolea iliyotoka mashambani na upungufu wa oksijeni haviokoteki. Ndiyo sababu kaunti za Kisii na Nyamira ziajiri wanahaidrolojia, watu watakaoifanya mito hii kuwa kazi yao ya maisha.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtaalamu huvaa mabuti, akachota maji juu ya mji na chini yake, wiki baada ya wiki, masika na kiangazi. Kisha hupindua mawe kuangalia wadudu walio chini yake. Mwaka 2009 watafiti Frank Masese, Phillip Raburu na Mucai Muchiri walichapisha kipimo cha afya ya mto Moiben, nao pia uko katika bonde la Ziwa Victoria, kinachosomwa kutokana na wadudu wa sakafu ya mto. Wako wadudu wasiovumilia uchafu, hao hutoweka mapema. Oksijeni inapoadimika hushamiri viluwiluwi vyekundu, vyenye hemoglobini kama damu yetu. Hata mwanafunzi wa sekondari akifundishwa anaweza kuwatambua.

Vipimo vinahitajika pia kwenye suala la mikaratusi. Mwaka huohuo wa 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana mti huo ukipandwa bondeni kwenye unyevu hunywa maji bila kiasi. Lakini Gusii, yaani Kisii na Nyamira, mkaratusi ni karo ya shule. Ni nguzo, ni mbao, ni kuni za viwanda vya chai vya Nyamira, na mashamba yenyewe ni vipande vidogo. Mama aliyeipanda miti hiyo kando ya chemchemi hawezi kuambiwa akate tu kwa sababu serikali imesema. Apimiwe chemchemi yake mbele ya macho yake, kwa ndoo ya lita 20 na saa: inajaa kwa sekunde ngapi kabla ya kukata, na ngapi mwaka mmoja baadaye? Akishaona, apewe miche ya mianzi au ya miti ya kiasili, na muda wa kutosha wa kuvuna alichopanda.

Chuo Kikuu cha Kisii kiko hapohapo mjini. Kaunti ya Kisii ianze na mtaalamu mmoja na vituo viwili, kimoja juu ya mji na kingine chini, na vipimo vya kila wiki vibandikwe Daraja Mbili, wauza mboga wavisome.