Kamera Ibaki, Kigunduzi Kitoke

Sipingi kamera ya dashibodi; napinga jirani yake, kigunduzi cha rada. Kamera hurekodi barabara, saa na, ikiwa na GPS, hata mwendo wa gari. Ni shahidi. Kigunduzi hunasa mawimbi ya rada ya polisi na kumwonya dereva apunguze mwendo kabla hajapimwa. Anayevifunga vyote viwili anataka shahidi dhidi ya wenzake, lakini si dhidi yake mwenyewe.

Hoja kubwa ya watetezi wake ni rushwa: eti askari wa barabarani humsimamisha hata asiye na kosa. Kama ndivyo, atakayekutetea ni kamera, maana inaonyesha ulikuwa wapi na ulikwenda kwa mwendo gani. Kigunduzi hakithibitishi chochote. Tena ile wanayoiita tochi huko Tanzania ikiwa ni ya leza, kwa kawaida kigunduzi hulia ukiwa umeshapimwa.

Barabara ya M1 kutoka Lilongwe kwenda Kasungu inapita Madisi, penye watu wa sokoni, watoto na baiskeli za kabaza. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa takriban mara nne. Mtoto anayevuka hatoi mawimbi ya rada. Kigunduzi hakitalia kwa ajili yake. Ufaransa imekataza chombo hiki, na jimbo la Virginia nchini Marekani pia. Dereva wa M1 asingoje kulazimishwa: akichomoe leo, abaki na kamera.