Mlango wa Chuo Usifungwe



Mwezi wa Agosti 2014 serikali iliilipua baharini, nje ya Mombasa, meli ya Amin Darya iliyokutwa na zaidi ya kilo 300 za heroini. Tulishangilia. Meli ilizama, unga haukuzama. Ungali ukiuzwa vichochoroni Likoni, Changamwe na Kisauni, na wanunuzi ni wana wetu.

Nasi tukiri kosa letu. Miaka iliyopita tulimfukuza chuoni kijana aliyekutwa akivuta bangi, tukidhani twawakinga wenziwe. Maskani ilimpokea siku ileile. Leo ni teja; akitupitia hutusalimu huku akitazama chini, nasi twaona haya zaidi yake.

Wapo waliochagua njia nyengine. Taasisi ya MEWA hapa Mombasa huwapokea waathirika na kuwatibu bila ya kuwasimanga. Kisauni nako iko kliniki ambako methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Lakini huko ni kutibu jeraha. Kinga ni kazi ya nyumba na chuo.

Basi ewe mzazi, usimfiche mwanao kwa kuogopa aibu ya mtaa. Nawe mwalimu mwenzetu, kabla hujamtoa mwanafunzi, mwite na mzazi wake mkae kitako, kisha mwachieni nafasi yake mkekani. Anayefukuzwa kwetu hakosi pa kupokewa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.